Kiti cha Winchi, Kaka Mabula

Kaka Mabula,

Mwadila. Najua huitikii, lakini sikuzoea kuanza maneno na wewe bila salamu, hata zile siku tulizokuwa tumenuniana.

Nianze na habari njema. Mdogo wako ana bahati, bwana. Ana bahati mpaka watu wanaulizana nimeiokota wapi. Wanachama wa duara, shimo letu la dhahabu, wamekaa kikao na kiti chako cha winchi wamenipa mimi. Mimi Jilala, ambaye machimbo yote yananiita Pasipoti kwa sababu nimefika Chunya, nimefika Mererani, nimefika Msumbiji na kurudi nikiwa na viungo vyote. (Pasipoti yenyewe sijawahi kuishika mkononi, lakini siri hiyo wewe ulinitunzia.) Nimetoka shimoni, nimekaa kivulini. Na moyo nimepimwa hospitali ya mkoa. Walinibandika waya kifuani kama redio iliyopelekwa kwa fundi, na daktari akasema moyo wa namna hii haukutwi mara nyingi, unagonga kama injini ya Mjapani iliyotoka bandarini jana. Kwa hiyo lala, kaka. Kiti kimepata mwenyewe, na vijana watatu walio chini wana mtu mzima juu yao.

Hayo nimeyaandika nikiwa nimekaa barazani kwako Kalangalala. Shemeji yangu Mama Kulwa ameniletea chai, ameniuliza naandika nini, nikamwambia barua. "Kwa nani?" Nikamwambia kwa mtu anayenidai majibu. Akatazama karatasi, akaona jina lako, akarudi ndani. Sukari kaweka nyingi kuliko kawaida. Nadhani na hilo ni jibu.

Nikupe habari za hapa. Matanga yamekwisha, watu wamenyoa, watu wamerudi makwao. Paa la jikoni tumelibadilisha, sasa halivuji. Yule jirani mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, amehamia upande wa pili wa kilima, kwa hiyo asubuhi mtaa una utulivu mpaka mtu unasikia masikio yako mwenyewe. Kulwa na Doto wamerudi shule. Wamekua, kaka. Wamekua ghafla, unajua watoto wanavyokua baada ya msiba, si urefu, ni namna ya kutazama. Mimi hadi leo nawachanganya. Namwita huyu, anakuja yule, wote wawili wananicheka, "Baba mdogo, pasipoti yako ina picha ya nani?" Wewe hukuwachanganya hata siku moja tangu walipozaliwa. Ulikuwa unawatambua kwa kikohozi. Kwa hatua zao nje ya mlango. Mkunga mwenyewe aliwafunga uzi mkononi asiwachanganye, wewe ulisema uzi wa nini.

Ndiyo maana siku ile ilitakiwa tushtuke.

Ulikuwa umekaa hapa hapa barazani, ukamwita Doto, "Kulwa, niletee maji." Nilikuwepo. Nilimwona mtoto akisimama, akamtazama mwenzake, kisha akaitika "Naam baba" na kwenda kuleta maji. Hakukusahihisha. Alikubali kuwa mwenzake kwa dakika ile ili wewe usione umekosea. Na mimi, mtu niliyezunguka dunia, nikapiga utani, nikasema karibu chamani, sasa tupo wawili. Ukacheka kidogo. Ulicheka kwa heshima tu.

Ngoja nikueleze kilichonitesa kabla yake, maana hukuwahi kujua. Nilikuwa nimekukasirikia. Nilidhani unaringa. Zamani nikikupigia kichekesho unaanguka, unashika mbavu, unaniomba ninyamaze. Halafu ukaanza kunitazama tu. Namaliza kichekesho, wewe unanitazama kama mtu anayesubiri gari. Kesho yake asubuhi tunakunywa uji, mara unaangua kicheko peke yako, "Eti alimwambia mbuzi ndiye mwenye nyumba!" Kichekesho cha jana! Nilisema moyoni, huyu ananikejeli. Kumbe maneno yalikuwa yanafika kwako kwa miguu, wakati ya wengine yanafika kwa pikipiki.

Na kile kiti. Kaka, mimi nimeshuka chini ya mikono yako miaka na miaka. Mtu asiyechimba hawezi kujua maana yake. Upo chini kabisa, taa kichwani, jasho, matimba, zile nguzo za miti, yanalia yakibeba mlima, na kitu pekee kinachokuunganisha na mke na watoto na ugali ni kamba, na mwisho wa kamba kuna mtu mmoja amekaa kwenye kiti cha mbao ameshika breki. Tukivuta uzi, kopo lililofungwa juu linagonga sikioni mwako. Mara moja, simamisha. Mara mbili, pandisha mawe. Mara tatu, pandisha mtu, yaani pole pole, kama unayemtoa mtoto kitandani bila kumwamsha. Wewe hukuwa unahesabu hata. Ulikuwa unatujua kwa jinsi tunavyovuta. Ulikuwa unasema, "Huyu ni Pasipoti, anavuta kama anayedai chenji."

Halafu siku moja nikavuta mara tatu, nikapanda kama kiroba cha mawe.

Nilipita matimba yote kwa bega hili la kushoto. Nilifika juu shati limebaki kola. Nikasimama mbele yako, na badala ya kukutukana nikasema, "Kaka, leo umenipandisha kama jiwe, umeona dhahabu ndani yangu nini?" Watu wakacheka. Wewe ukasema, "Uzito mmoja." Lakini macho yako hayakucheka, kaka. Macho yako yaliniuliza kitu. Yaliniuliza, nimefanya nini? Nami nikayajibu kwa kuomba maji ya kunywa.

Jioni ile tulipanda kile kilima cha kurudi nyumbani, ukasimama katikati, ukaweka mkono kifuani. Ukaniambia, "Nina chura humu." Nikasema chura gani. "Anaruka. Anatulia, anaruka tena mara mbili, anatulia." Nikakuambia ni maharage. Ndiyo, maharage! Daktari Pasipoti alitoa majibu palepale, bila foleni.

Sasa nije kwenye ule ujinga wetu sote, maana ule haukuwa wa mtu mmoja. Mzee Lugembe, mwenye duara, alikuwa na mganga wake, mtaalamu kutoka pande za Ushetu, unamkumbuka, yule wa kofia ya sufi katikati ya jua. Wanachama walikwenda kumwambia mtu wetu wa winchi anasahausahau, anapandisha badala ya kushusha, anauliza jambo lile lile mara mbili. Mtaalamu akatabasamu. Akasema hongereni. Akasema duara likikaribia kutoa mali, linaanza kwa kuonja akili ya mtu aliye karibu na mdomo wake. Akasema msimwondoe kwenye kiti hicho kwa hali yoyote, mkimwondoa mali inamfuata.

Na sisi tukafurahi! Kaka, tulifurahi kwamba umeanza kupotea. Tulichinja mbuzi mdomoni mwa shimo, wewe ukapewa maini, mimi nikatoa hotuba ambayo watu waliisifu mpaka karasha za upande wa pili. Nilisema kaka yangu ndiye ufunguo. Nilisema kila anachosahau ni gramu inayosogea. Ulikuwa umekaa na sahani yako ya maini mapajani, unatusikiliza kwa adabu, ukaniuliza kwa sauti ya chini, "Ni sikukuu gani?"

Basi kila ulipokosea, mtu alipiga kigelegele. Hakuna mgonjwa duniani aliyeshangiliwa kama wewe. Na chini walikuwa wanashuka vijana watatu kila siku, maisha yao mkononi mwa mtu ambaye sisi wenyewe tulikuwa tumesherehekea kwamba hayupo vizuri. Mungu aliwabeba wale watoto wa watu. Sina maelezo mengine.

Siku uliyoanguka hukuwa kwenye winchi, na hilo nalishukuru mpaka leo. Ulikuwa unafunga kamba ya kiatu. Mama Kulwa anasema ulianza kuifunga, ukaitazama kama kitu cha kigeni, kisha mdomo ukaenda upande, kisha ukalala. Kiharusi. Tulikubeba kwenye gari la mawe, mimi nimekupakata kichwa, nakusimulia vichekesho vyote ninavyovijua kwa mpigo, nikitumaini kwamba kama kawaida yako utacheka kesho.

Hospitali tulipokewa na daktari wa kike, mdogo wa umri, amesuka nywele, anaongea pole pole. Mimi nilimdharau kwanza, nakiri. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Msumbiji kwamba kaka yangu amerogwa na dhahabu. Hakunicheka wala hakunigombeza. Alikushika mkono, akasikiliza mapigo. Kisha akakubandika waya, karatasi ikatoka na mistari. Akanionyesha. Akasema, "Angalia nafasi kati ya mlima na mlima. Za mtu mwenye afya zinafanana. Za kaka yako, hakuna mbili zinazofanana." Akaniuliza, "Alikuwa anasahau?"

Hapo nilikaa chini.

Alinieleza, kaka, na nimeyashika, maana nilimfanya arudie mpaka nesi akaanza kuguna. Anasema moyo una vyumba, vya juu na vya chini. Vya juu vinatakiwa visukume damu kwa pamoja, hop, kisha vya chini navyo, hop. Vyako vya juu viliacha kusukuma, vikawa vinatetemeka tu kama jeli. Vya chini vikawa vinapokea amri za ovyo, pigo kubwa, pigo dogo, pigo limechelewa. Na ubongo, anasema, ndio mlaji mkubwa wa damu na hauna ghala. Haujui kuweka akiba. Unataka sasa hivi, na dakika ijayo, na inayofuata. Ukiletewa kwa kusuasua, leo nyingi kesho haba, unaanza kuchoka taratibu. Mtu anakuwa mzito wa kufikiri. Hesabu zinamkimbia. Vichekesho vinachelewa.

Mimi nikamwambia, daktari, hayo nimeyaelewa, hiyo ni pampu ya mwaloni. Akasema mwalo ni nini. Nikamweleza, ni pale tunapoosha mchanga kupata dhahabu, maji yanapigwa na pampu, yanapita kwenye mpira mrefu. Pampu ikianza kumisi, inakata na kurudi, wewe uliye karibu na injini huoni shida, maji unayaona. Lakini nenda kwa yule aliye mwisho wa mpira, kule juu. Anapata mate, anapata hewa, anapata mate tena. Anakaa anasubiri na karai mkononi. Kazi inamlalia, halafu watu wanasema ni mvivu. Daktari akasema, "Hivyo hivyo. Ubongo ndio uliokaa mwisho wa mpira."

Akaendelea, na hii ndiyo ilinipiga. Anasema damu isiposukumwa vizuri kuna pembe ndani ya moyo inakaa imetulia, na damu iliyotulia inaganda. Vipande vinatoka kidogo kidogo, vidogo kama punje, vinapanda kichwani na kuziba vijia. Kila kimoja kinaua sehemu ndogo, mtu haanguki, hasikii hata maumivu. Leo limepotea jina la mtoto, kesho idadi ya mivuto ya uzi. Mpaka kije kipande kikubwa. Mimi sikuhitaji kufafanuliwa, kaka. Sisi tunakula kwa jambo hilo hilo! Maji yakitulia, kizito kinakaa chini, ndiyo dhahabu tunaipata. Miaka yote tumetega vitu vizito vitulie, hatukuwahi kufikiri kwamba na ndani ya kifua cha mtu kuna mwalo.

Alikuwa mwangalifu lakini, yule binti. Alisema si kila anayesahau ana moyo wa namna ile, wengine ni umri, wengine ni presha, wengine ni sukari, wengine mambo ambayo hata wao hawajayajua bado. Na wapo wenye moyo wa kurukaruka na akili zao ni nyembe. Lakini akasema wameona wenye mapigo yale mara nyingi wanatangulia kuchoka akili kuliko wenzao. Ndiyo sababu mtu akishikwa mkono na mapigo yakaonekana hayana mpango, aletwe mapema. "Zipo dawa," akasema. "Za kutuliza mapigo, na za kuzuia damu isigande. Si za kuponya kabisa, ila zinasaidia sana."

Zipo dawa. Nilitoka nje nikasimama kwenye ukuta. Mbuzi mzima tulichinja, kaka.

Hukuamka. Nilikuwa nimekushika mkono, nasikia vile vyumba vyako vya chini vikipokea amri za ovyo, pigo kubwa, dogo, limechelewa. Kisha nikawa nasubiri lile lililochelewa.

Tulikupeleka nyumbani Songwa, ukazikwa karibu na mayu, mama yetu, kama ulivyotaka. Watu walijaa. Na binamu yetu Shija, mtoto wa shangazi, akafanya kazi yake ya utani, maana mtani akinyamaza msibani ni dharau. Alivaa kofia yako ya kazini na viatu vyako vya mpira. Alijiweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika fimbo kama breki. Mtu akagonga kopo mara mbili. Shija akatega sikio, akakuna kichwa kama wewe. "Mbili hizo au tatu? Nyie wa chini, ongeeni vizuri! Haya, nashusha. Hapana, napandisha. Aah, atakayefika salama atasema mwenyewe!"

Watu walicheka mpaka machozi. Mimi pia, nilicheka kwa nguvu zote, nilikuwa na kicheko kimekwama tangu hospitali. Kisha nikageukia upande wa wanawake. Mama Kulwa alikuwa amesimama. Alisema, si kwa hasira, "Shija, nani alikuambia?" Shija akavua kofia. Akasema, "Shemeji, niliona tu siku niliyowatembelea machimboni." Mama Kulwa akasema, "Na mimi niliona. Chumvi alikuwa anaweka mara mbili."

Ndipo watu wakaanza kutoa, mmoja mmoja, kama wanaotoa rambirambi. Yule wa karasha akasema ulikuwa ukipita unamsalimia, unarudi unamsalimia upya, naye anaitikia upya ili usiaibike. Kijana mmoja wa chini akasema walikuwa wamekubaliana wakivuta uzi, mmoja apige kelele pia, wasiitegemee hesabu yako. Doto akasema alikuwa anaitika jina la Kulwa. Na mimi nikaonyesha bega. Kila mtu alikuwa na kipande chake, amekificha kwa kukuheshimu. Tulikupenda vibaya, kaka. Tulikufunika kwa mablanketi mengi mpaka hakuna aliyeona kwamba unaungua.

Mzee Lugembe akajaribu kukohoa neno kuhusu mali kukaribia. Mama Kulwa akamgeukia. "Marehemu alikuwa na moyo mgonjwa. Daktari amesema. Nikisikia mtu anataja dhahabu hapa, atachimba kaburi lake kwa kijiko." Hakuna aliyetaja. Na duara lenyewe, kama unataka kujua, linatoa mawe. Mawe matupu, mazuri ya kujengea.

Baada ya hapo ndipo lilipokuja suala la kiti. Wanachama walinitaka mimi kwa sababu nakijua kilio cha kamba, na kwa sababu ni damu yako. Mama Kulwa aliposikia hilo la damu alikuja mpaka kwangu, akasimama mlangoni. "Shemeji, baba yenu aliondokaje?" Nikasema alilala tu, uzee. "Alikuwa na umri gani?" Nikahesabu kwa vidole. Hakuwa mzee, kaka. Hakuwa mzee hata kidogo, sisi ndio tulikuwa watoto. Na mwishoni alikuwa anawaita ng'ombe kwa majina ya ng'ombe waliokufa, unakumbuka? Tukasema anaongea na mizimu. Mama Kulwa akaniambia, "Usikae kwenye kiti kile mpaka upimwe. Sikuombi. Chini kuna watoto wa wenzangu."

Basi nilikwenda. Benchi lilikuwa refu, nikawachekesha wagonjwa wote mpaka mama mmoja mwenye presha akaomba anihame. Daktari alikuwa yule yule wa nywele za kusuka. Alinikumbuka, "Baba wa mwaloni." Akanishika mkono, akatazama saa yake. Akanishika tena. Nikamwambia daktari, taratibu, mimi nina mke Kahama. Hakucheka. Nikalazwa, waya zikabandikwa, karatasi ikatoka. Matokeo nimeshakuandikia juu, sina haja ya kurudia.

Nilichofikiri wakati nimelala pale ndicho nataka nikuambie. Mimi siku zote nilidhani akili ni bosi. Imekaa ghorofani, ina kiyoyozi, inatuma mikono na miguu kazini. Nilijiona mimi ni hii akili, hivi vichekesho, hizi safari, haya maneno. Kumbe akili nayo ni mtu wa shimoni. Inaishi kwa kinachotumwa na aliye kwenye winchi. Winchi ikiyumba, akili haipigi kelele, haina hata uzi wa kuvuta kopo. Inabaki inatabasamu kwa adabu na sahani ya maini mapajani, inauliza ni sikukuu gani. Na wewe wa nje unaona mtu mzima, amevaa, anakula. Unasema anaringa.

Lile swali la sikukuu, kaka, nililikwepa siku ile. Nilikuambia kula tu. Haikuwa sikukuu. Tulikuwa tumekusanyika kutazama mtu mwema akipungua, na hatukujua tunatazama nini.

Lakini nimejua jambo jingine pia, na hili ni la kwako. Katika yale yote yaliyokukimbia, kuna kitu hakikukimbia. Siku za mwisho, ukiwa hujui ni Jumanne au Jumapili, nilikuwa nikishuka kwenye kamba unashika breki na kuniambia, "Mdogo wangu, utarudi." Kila nikishuka. Unaweza kuwa ulishasahau kwamba umeniambia jana, lakini leo ulikuwa unalisema tena, jipya. Mimi nilikuwa najibu, "Nisiporudi watakuletea bili." Leo ningejibu vizuri zaidi.

Nimefika mwisho, na karatasi nayo imefika mwisho. Kwaheri, kaka Mabula. Wabeja, asante, kwa kila mara uliponipandisha pole pole. Naahidi mambo haya. Kulwa na Doto nitawasomesha pamoja na mama yao mpaka wao ndio waniandikie mimi. Yeyote atakayekalia kiti cha winchi, nitamshika mkono kwanza na kusubiri mapigo yake, na yakiwa ya ovyo nitampeleka mwenyewe hospitali, kofia ya sufi ikasirike isikasirike. Na nikianza kuchelewa kucheka, nimewaambia watu wa nyumba hii wasinifunike. Waniambie usoni. Vidonge nakunywa asubuhi na jioni, Mama Kulwa anasimama mbele yangu mpaka nimeze, kisha ananiamuru nifungue mdomo kama ndama.

Kaka, bahati niliyojisifia mwanzoni si kweli. Moyo wangu ni mgonjwa kama wako. Kile kiti sikukikalia hata siku moja. Asubuhi hii nimekikataa mbele ya wanachama wote, na sababu nimewaambia.

Mdogo wako,
Jilala